Maziwa Yasiyochemshwa

Jumatatu, 4 Mei 1998
Homa imerudi. Mara ya tatu tangu Machi! Dawa ya malaria nimeimaliza – wapi. Jasho, maumivu ya magoti na kiuno. Na mimba ndiyo kwanza miezi minne. Leo ng'ombe mwingine ametupa mimba. Wa tatu. Mama mkwe na mimi tumevuta kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Naandika Kiswahili, cha Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa. Mume wangu Bahizi alikulia Uganda, hakisomi. Mama yake hasomi kabisa. Hapa Kanama, Rwanda, hakuna wa kunifuata humu daftarini.

Jumatano, 6 Mei
Béata, muuguzi wa zahanati, kapita kwa miguu. Yeye Kiswahili chake cha Goma: "Munakunywaka maziwa bila kuchemusha?" Nani asiyekunywa! "Na ngombe zinaharibu mimba?" Tatu. "Bon. Mi nazani homa hii inatoka kwa ngombe. Inaweza kuharibu na mimba yako. Uende Gisenyi mujini, bakupime damu." Niende na nini? Waasi wamechoma basi juzi. Barabara imefungwa.

Ijumaa, 8 Mei
Nimechemsha maziwa. Mama mkwe kayamwaga! Eti yakichemka, chuchu za ng'ombe hupasuka. Bahizi hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Kasema watu wakisikia, ng'ombe wote watachinjwa. Alitembea nao kutoka Mbarara, siku kumi na saba. Nisimwambie mtu. Nimeitikia.

Jumapili, 10 Mei
Kampire, jirani yetu, kaja kuchukua maziwa ya bintiye, Olivia. Tunampa kila siku tangu mumewe auawe. Mtoto ana homa wiki mbili sasa, goti limevimba, hatembei. Angalau maziwa hayakatai, kasema Kampire, na kunishukuru. Mama mkwe akanikazia macho. Nikamjazia chombo. Mimi mwenyewe!

Jumanne, 12 Mei
Tumbo linakaza tangu alfajiri. Barabara imefunguliwa! Saa sita wanajeshi wanasindikiza magari hadi mjini. Bahizi kaniruhusu – ila niseme ni malaria, ng'ombe nisiwataje. Nimekubali. Ningekubali chochote.

Kisha Kampire akaja kuchukua maziwa. Nikashindwa. Nimemwambia yote pale mlangoni, mama mkwe akisikia. Kwamba maziwa yetu yanaumiza watu. Kwamba Jumapili nilijua, nikampa. Aende amlete Olivia, twende naye wakampime.

Hakunitukana. Kageuka, akakimbia kwake. Mama mkwe naye kakimbilia zizini kumwita Bahizi.

Nimekaa kitandani, viatu miguuni, nawasubiri. Tumbo limekaza tena. Magari yanapiga honi huko barabarani. Kampire bado.

Hatua uani. Za mtu mmoja tu, kutoka upande wa zizi – nzito, hazina haraka.