Samaki Niliyemchorea Tabasamu

Jumatano, saa kumi jioni. Manundu, Korogwe.

Joto limekaza tangu asubuhi na mvua inatishia tu, hainyeshi. Leo duka sikulifungua. Nikikosea herufi mnivumilie, au msinivumilie, leo sijali sana.

Naogopa. Niandike hilo kwanza ndipo niweze kuendelea.

Wanaosoma blogu hii wanajua nina duka dogo la steshenari, na kwamba mabaki ya karatasi huwa nayageuza viumbe vya baharini kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili. Kasa wa karatasi ngumu za manila. Pweza wa karatasi za fotokopi zilizoharibika, kila mkono una kazi moja njema iliyoandikwa juu yake. Baharini kwenyewe nimefika mara mbili tu, Tanga, na zote mbili maji hayakunivuka magoti. Lakini Biblia imejaa maji, na watoto wanapenda kukata na kubandika, basi nikaona nimepata wito wangu. Nilijivuna, nakiri.

Jumamosi iliyopita nilipeleka kazi zangu Handeni, kwenye kijiji cha wafugaji ambako mwinjilisti wetu ameanzisha kanisa dogo la mabati. Nilibeba samaki wa Yona. Nilimtengeneza kwa mifuko ya saruji niliyoikung'uta vumbi na kuibandika kwa uji wa ngano juu ya fito. Ni mkubwa kiasi kwamba mtoto anaingia tumboni na kukaa. Picha mliziona, mkanisifia.

Ambacho sikuwaandikia ni kwamba watoto walimkimbia. Wamasai wa pale samaki hawali, kwao ni jamaa ya nyoka, na mimi nilikuwa nimewaletea nyoka mwenye ukubwa wa ndama. Wadogo walilia. Mwinjilisti akanisihi tumwache nje, tusimulie kwa mdomo tu. Nikakataa. Nilikuwa nimemsafirisha juu ya keria ya basi kutoka Korogwe, sikuwa tayari kurudi naye bila kazi.

Nikachukua maka peni nikamchorea tabasamu na kope ndefu. Nikawaambia, mwinjilisti akitafsiri, huyu si nyoka, hang'ati, hali mtu. Mungu alimtuma amtoe Yona majini asizame. Kisha nikaongeza la kwangu, ambalo halimo kwenye Biblia ya mtu yeyote: kwamba tumboni mwake kuna joto na amani, kama ndani ya boma ng'ombe wakishalala.

Hapo wakacheka. Wakapanga foleni.

Waliingia mmoja mmoja, na kila mmoja akatengeneza samaki wake mdogo wa kwenda naye nyumbani. Walikuwa watoto ishirini na sita. Wa mwisho alikuwa Nasieku, msichana wa miaka sita hivi, mkimya. Alipoinama kuingia, dereva wa bodaboda wangu akapiga honi kwamba basi litaniacha. Nikamshika mkono nikamtoa. Nikamwambia ataingia siku nyingine.

Siku nyingine yake ilikuwa juzi.

Mwinjilisti alinipigia jana asubuhi. Nasieku alikwenda lamboni, kwenye bwawa wanalonyweshea ng'ombe, ameshika samaki wake wa karatasi. Lambo limejaa sasa. Hakuteleza. Aliingia kwa miguu yake, taratibu, huku akimwita samaki. Shangazi yake alikuwa anachota maji upande wa pili, na alipoinua uso aliona utosi tu wa mtoto. Akaacha ndoo akajitosa. Walimtapisha maji mengi, lakini ni mzima.

Nilipokata simu nilikaa sakafuni nyuma ya mashine ya fotokopi. Mteja alipiga hodi mpaka akachoka akaenda zake.

Wazo langu la kwanza halikuwa la mtoto. Nilijiuliza kama baba yake anajua ninapoishi. La pili, nizime simu, niseme nina malaria. La tatu ndilo lililoninyanyua sakafuni: wapo wengine ishirini na tano wenye samaki nyumbani, na lambo ni lile lile.

Kwa hiyo leo nimekwenda. Basi lilipofika Handeni mjini nilitamani pikipiki zote ziwe zimeharibika.

Mama yake Nasieku alikuwa mlangoni mwa nyumba yao, anakosha vibuyu vya maziwa. Nilitegemea matusi. Nilikuwa hata nimepanga niyapokee vipi. Nasieku akaja akainamisha kichwa mbele yangu nimguse, kama watoto wao wanavyowaamkia wakubwa. Nilimwekea mkono utosini, mkono ule ule niliomtolea mdomoni mwa samaki, na nikashindwa kuuondoa.

Nikaanza kuomba radhi. Mama yake akanikatiza.

"Mwalimu, nataka jambo moja. Huyo samaki wako anakaa lambo gani? Sisi tunapeleka ng'ombe pale."

Nikahisi baridi, na joto lote lile. Hata yeye, mtu mzima, alikuwa ameniamini.

"Hakuna samaki, mama," nikasema. "Mle hakuna kitu. Ni maji tu, na maji yanaua."

Akamgeukia mtoto akamweleza kwa Kimasai. Nasieku akasikiliza, akafikiri, akauliza kitu kwa sauti ndogo.

"Anasema kama samaki hakuna, Yona alitolewa na nani?"

Nilimjibu haraka, jibu ambalo ningempa mtoto yeyote siku yoyote. Nikasema, Mungu.

Mama akatafsiri. Nasieku akaitikia kwa kichwa, ametulia kabisa, hana wasiwasi hata kidogo. Kisha akageuka akatazama upande wa lambo.

Sijawahi kuogopa jibu langu mwenyewe namna ile.

Nilipiga magoti vumbini, nikamshika mabega yote mawili, nadhani nilimuumiza. Nikamwambia, "Ukiingia tena, hakuna wa kukutoa. Umenisikia? Hakuna." Mama yake akayatafsiri vile vile, kwa ukali uleule, na neno la mwisho akalirudia mara tatu.

Mtoto akalia. Nilifurahi kumwona analia.

"Sawa," mama yake akasema. "Sasa ameogopa." Akanipa maziwa nikanywa.

Miaka kumi na moja nimefundisha watoto, na leo ndiyo mara ya kwanza kumwambia mmoja wao kwamba hakuna atakayemwokoa. Jumamosi nitarudi niwaambie wale ishirini na tano maneno yale yale, nikiwa nimewashika mabega. Nimeshaamua, na mwinjilisti nimemwambia kwa simu.

Wakishaogopa vya kutosha kukaa mbali na maji, wataniuliza tena juu ya Yona. Nitawajibu nini?