Mkate Ulioshonwa kwa Uzi Mwekundu

Mtaa wa Wafuma Hariri,
nyuma ya hamamu ya zamani,
Margilan.
9 Novemba

Mpendwa Munira, binti wa kaka yangu,

Asalaam alaykum. U mzima, mwanangu? Kifua kimepona? Mama yako ameniambia ulikohoa wiki nzima huko Tashkent na bado hutaki maziwa ya moto yenye mafuta ya mkia wa kondoo. Kunywa, ziba pua unywe. Na mumeo je, ule upara umeshafika kisogoni au umepumzika njiani?

Sisi huku wazima, Mungu ashukuriwe. Mguu mmoja unaniuma, wa pili hauna neno. Makomamanga mwaka huu yamepasuka mtini kwa utamu, nitakutumia kikapu nikipata mtu anayekuja huko.

Kitabu chako kilifika. Nilikibusu, nikakipitisha kwa majirani wote waone jina lako kwenye jalada, hata kabla sijakifungua. Kila mlango nagonga, "Damu yangu hii, mmeona?" Sasa nimesomewa mpaka mwisho, na kwa kuwa mwenyewe ulitaka nikwambie ukweli, basi ukweli huu hapa: kitabu ni kibaya. Na ubaya wake haukubaki ndani ya karatasi. Umetoka humo ukaingia kwenye posa ya binti yangu Nafosat. Ngoja nikueleze, usinune.

Unajua mimi shule ilinipita kwa mbali. Aliyetusomea ni Nafosat, kila Alhamisi, sisi wanawake tumekaa tunakunja maandazi ya nyama. Ule mwanzo tulifurahi. Khan yupo, farasi wa kuruka yupo, mwana wa mfalme wa majini ana macho ya kijani. Lakini mwanangu, macho hayo hayo kurasa ngapi? Jirani yangu Toji akasema, "Jamani, huyo jini hana miguu? Hana tumbo? Ni macho tu yanaelea?" Tukacheka mpaka unga ukamwagika.

Halafu kule kubusiana juu ya paa. Juu ya paa, Munira! Toji kauliza, "Nyumba hiyo haina jirani?" Umezaliwa huku, unajua paa za kwetu zina watu wanaanika aprikoti na macho yao. Na yule binti wa kitabuni mwako anatembea kwenye theluji na gauni la hariri, hakohoi, haoshi sufuria, hajui tanuri liko upande gani. Na kubwa kuliko yote, kitabu kizima hakina mama mkwe! Mapenzi gani hayo? Hata majini wana mama zao.

Hayo ningekusamehe. Nisilokusamehe ni lile la mkate.

Binti wako anaposwa na waziri mzee, wazee wanavunja mkate, posa imefungwa. Anafanya nini? Analia. Jini anakuja na uzi wa mwanga wa mwezi, anaushona mkate, mkate unakuwa mzima, posa imekufa. Wanaruka na farasi. Niliposikia nilisema, "Loh, Munira amesahau kwao." Mkate ukishavunjwa umevunjwa, mtoto wa miaka mitano anajua. Wenzangu wakacheka. Nafosat hakucheka. Ningemwangalia vizuri siku ile ningejua.

Sasa sikia. Mwanzo wa vuli tulivunja mkate wake na watu wa Rishton. Kijana anaitwa Qobil, mfinyanzi, mikono mizuri, mdomo mzito. Mama yake, Hosiyat, mwanamke mwenye sauti lakini safi. Mimi nilishaanza kushona magodoro ya harusi. Kumbe Nafosat alikuwa ameficha vipande viwili vya mkate ule kwenye sanduku la nguo zake. Akachukua sindano yangu ya magodoro na uzi mwekundu wa hariri, akavishona. Mkate mkavu kama tofali, sindano ilivunjika ncha, hakuacha. Akaufunga kwenye kitambaa, akampa dereva wa teksi aupeleke Rishton.

Mimi sina habari. Kesho yake nakamua maziwa, mlango unagongwa, Hosiyat huyo na kifurushi mkononi, mwanawe nyuma.

"Mwenzangu," kaniambia, hata kukaa bado, "kutupa siwezi, ni mkate. Kula siwezi, una uzi. Umelala kabatini kwangu kama mgeni asiyejua kuaga. Hii ndiyo mila ya Margilan?"

"Si mila," nikasema. "Hayo ni mambo ya kitabu."

"Kitabu cha nani?"

Munira, ningeficha vipi? Mtaa mzima nimeshautangazia. "Cha mtoto wa kaka yangu."

"Ahaa," kasema Hosiyat. "Kumbe ni ugonjwa wa ukoo."

Tukakaa tunautazama ule mkate kama maiti isiyo na wenyewe. Mume wangu Sotvoldi akawa anavuta ndevu zake. Qobil ndiye aliyesogea. Akatoa kisu kidogo, akakata nyuzi taratibu, akazitoa zote, akavunja kile kipande kidogo akakichovya kwenye chai akala. Alipomeza, akageukia mlango, maana Nafosat alikuwa nyuma ya pazia na wote tulijua.

"Mkate hauna kosa," kasema. "Nafosat, kama kuna neno, niambie. Mimi uzi sijui kuusoma."

Nikamwomba Mungu mtoto anyamaze. Pazia likafunguka, akatoka, uso mweupe kama mtindi.

"Kaka Qobil, hujanikosea kitu. Lakini sitaki kuolewa na wewe."

Hivyo tu. Mbele ya baba yake, mbele ya mama wa kijana. Nilitaka ardhi initie mfukoni.

Qobil akashika kikombe chake. "Haya," kasema. "Hilo nimelielewa." Akamaliza chai yake, akanishukuru, akamwinua mama yake, naye Hosiyat anapiga kelele mpaka getini kwamba tumemchezea mtoto. Jioni tukarudisha zawadi zao za posa, sinia na mashali, na lile koti zuri walilotuletea.

Nilimgombeza Nafosat mpaka nikachoka. Nikamwambia, "Wewe ulimi unao! Kwa nini hukusema siku ile washenga wamekaa hapa?"

Kanijibu polepole, "Kuna aliyeniuliza, mama? Mliuliza mkate."

Nikatoka kwenda kuwapa kuku maji. Walikuwa na maji tele.

Ndiyo maana nasema kitabu chako kibaya, na sisemi kwa sababu ya macho ya kijani. Nimemrudisha Nafosat nyuma, nikamwambia anisomee tena pale penye waziri. Binti wako hasemi! Kurasa zote hizo, jini anamsemea, farasi anamsemea, mwezi unamsemea, yeye analia vizuri tu. Hakuna mahali amefungua mdomo akasema simtaki. Nafosat akajifunza kwako kushona. Kusema alijifunza kwa Qobil, mfinyanzi asiye na mabawa, na kwa kusema huko huko akamkosa. Wakikichapa tena, mpe yule binti ulimi. Gauni umempa la kutosha.

Sasa lililobaki ni Sotvoldi. Tangu siku ile anakula ameelekea ukutani. Nafosat akiingia, yeye anatoka. Anasema binti amemvunjia heshima na wewe ndiye uliyemfundisha. Mimi nimembembeleza mpaka nimekauka, hanisikii, ameshanizoea. Wewe anakupenda, alikubeba mabegani. Kwa hiyo njoo. Usimwandikie, na tafadhali usimtumie kitabu kingine. Njoo ukae mbele yake, umwambie kwa mdomo wako kwamba mtoto hana kosa. Na mimi nikiwa nimekaa pale, huenda nikapata ujasiri wa kusema hivyo hivyo.

Msalimie mama yako, mwambie lile sufuria lake bado ninalo. Msalimie mumeo na upara wake. Toji anakusalimu, anauliza kama jini ana kaka mkubwa, mjane. Nafosat anakusalimu sana. Kitabu kiko chini ya mto wake, nimekiona.

Mungu akupe afya, akulinde njiani, na akufungulie mlango kila utakapobisha.

Mimi shangazi yako, ninayekugombeza kwa kuwa nakupenda,

Inobat