Mama, Vidonge Vyangu Sikuvitia Kikapuni

Mama yangu uliyelala kaburini Nakivale,

Leo siandiki kukulilia. Nakujibu, maana uliondoka ugomvi wetu haujaisha.

Ni wewe uliyenilisha uji hospitalini Mbarara, baada ya pikipiki kunitupa barabarani na kichwa changu kugonga jiwe. Ukanifundisha upya majina ya wadogo zangu. Kidonda kilipona, woga ukabaki. Nikisikia tu mlio wa pikipiki, moyo ulinienda mbio, nikakaa chini katikati ya soko, nyanya zangu zikimwagika. Daktari alikuambia, "Mama, hii si pepo. Kichwa iligongwa, sasa iko na woga. Ameze dawa kila siku, asiache ghafla."

Ukaitikia vizuri. Tulipofika nyumbani ukavitupa vidonge vyangu chooni! "Mwana wangu, batu ba Mungu habaogopake," ukasema, kana kwamba watu wa Mungu hawajui woga. Siku chache baadaye nilikuwa nimejikunja sakafuni, natetemeka, siwezi hata kumbeba mwanangu. Ukajifunga kitenge, ukarudi mwenyewe Mbarara kuniletea vingine. Hukuomba msamaha. Ulinipa maji, ukageukia ukuta nilipokuwa nameza. Iliniuma, Mama. Bado inaniuma.

Sasa wenzako wa kikundi cha maombi wameshika pale ulipoachia. Jumapili waliniita mbele ya kanisa lote, mmoja wao amesimama na kikapu. "Leta ile dawa, uachane nayo, ushuhudie umepona." Nikikataa, basi, kwaya nisahau. Nawe unajua ninavyoipenda kwaya, wewe ndiye uliyeniingiza humo ningali na meno ya utoto.

Nikashika kipaza sauti. Nikawaambia Mungu wangu hababaishwi na kidonge, na mficha maradhi kifo humuumbua. Nikatoa kidonge mfukoni, nikakimeza palepale, kwa maji ya mchungaji mwenyewe. Ungekuwepo ungejifunika uso kwa kitenge.

Wamenivua joho la kwaya. Wavue. Kuimba nitaimba jikoni kwangu, majirani wavumilie.

Lakini sikia hili. Ibada ilipokwisha, yule mama aliyeshika kikapu alinifuata nyuma ya kanisa. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akakificha kikapu nyuma yake. Akaniuliza polepole, "Ile dawa, banaipataka fasi gani?"

Jumatano naenda naye Mbarara, nikamwonyeshe inakopatikana.

Pumzika, Mama. Nakupenda, na bado nasema ulikosea.

Binti yako mkaidi