Krismasi ya Shangazi

Al Khuwair, Muscat
3 Oktoba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, joto la huku tumeshazoeana. Presha yako vipi? Na migomba imepona ule upepo?

Bibi Rahila, yule mama wa Kizanzibari ninayemhudumia, amenipa ijaza, ndivyo wanavyoita likizo huku. Ameniambia, "Nnakupa mwezi mzima. Nenda kamtizame mwanao, sikukuu yenu haikungoji." Basi nakuja Krismasi, baada ya miaka sita. Nsia nilimwacha ananyonya, sasa ana miaka saba. Mchore mguu kwenye karatasi unitumie, nimnunulie viatu sokoni Sib. Kila nikipiga simu unasema yuko kwa kaka Elinami, basi mwambie wewe kwamba mama yake anakuja.

Mwanao,
Mama Nsia

Mrinyi, Moshi
30 Oktoba 2024

Mwanangu Anaeli,

Marahaba. Sisi wazima, presha inapanda na kushuka kama desturi yake. Mbuzi wa Krismasi yupo bandani, na ndugu zako wa Dar na Arusha wote wanakuja nyumbani mwaka huu.

Sasa nisikilize bila hasira. Ulipotengwa kanisani kwa ile mimba, nilikusihi usimame mbele ya usharika, utubu, urudishwe kundini. Ukasema hutatubu mbele ya watu ambao nao wana yao, ukapanda ndege. Mtoto akabaki bila ubatizo. Pasaka iliyopita Elinami na mkewe walimbatiza kama wa kwao. Watu wanajua, ila hawasemi. Nsia anamwita Elinami baba, na mkewe anamwita mama. Wewe anakujua kama shangazi wa Uarabuni.

Ukija, uje kama shangazi. Mguu wake ndio huo, nimeuchora akiwa amelala.

Mama yako

Al Khuwair
17 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Afya yangu usiulize. Bibi Rahila alinikuta nalia jikoni, akasema, "Nani kafa kwenu?" Nikamjibu hakufa mtu.

Nimefikiri sana. Ulitaka nitubu, basi nitatubu. Jumapili kabla ya Krismasi nitasimama mbele ya wale wale walionihamishia benchi la nyuma, niseme kila neno wanalotaka. Wajerumani waliojenga kanisa letu wameondoka zamani, wametuachia kengele yao na ukali wao, na mimi nitavitii vyote viwili. Kiburi kimeniisha, mama. Nirudishie mwanangu tu.

Mwanao,
Mama Nsia

Mrinyi
2 Desemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nakuomba usisimame. Miaka yote nimeililia toba yako, na leo nakuomba uimeze. Mchungaji wetu ni mgeni. Ukitubu atauliza mtoto yuko wapi, na shahidi wa ubatizo ule nilikuwa mimi, mzee wa kanisa. Nitauweka wapi uso wangu? Halafu mke wa Elinami hajajaliwa kuzaa, unajua. Nsia ana raha, kutwa anakariri fungu lake la Biblia la kusema kanisani siku ya Krismasi. Mavi ya kale hayanuki, wewe usiyachokoe.

Njoo ule nyama na wenzako.

Mama yako

Al Khuwair
11 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Nimefika salama, Bibi Rahila hajambo. Najua mlinitafuta asubuhi ile nilipoondoka bila kuaga.

Nilifanya ulivyotaka. Tarumbeta zilipopigwa nililishika benchi kwa mikono miwili nisije nikasimama. Nsia akaitwa kwa jina la Elinami, akasema fungu lake lote bila kukosea, watu wakapiga vigelegele na mimi nikapiga. Viatu vilimbana kidogo, lakini hakutaka kuvivua.

Jioni alikuja kunishukuru kama mlivyomfundisha. Akakaa karibu yangu, akaniuliza, "Shangazi, wewe una watoto?" Mlikuwepo nyote, na nyama zenu mikononi, mkinitazama. Nikamwambia sina. Mtoto akanionea huruma, mama. Akasema kila usiku ataniombea kwa Mungu nipate wangu.

Mwambie aache.

Shangazi yake Nsia