Kapteni Aliyepewa Jina la Gathogo

Jumatatu, 3 Julai 1972

Ukungu hapa Nyeri tangu alfajiri. Mlima haujaonekana wiki nzima. Paredi ya asubuhi, hotuba yangu ya kawaida kuhusu nidhamu, kisha madarasa. Jioni nilimaliza sura ya wiki na kuipeleka kwa Bwana Shah, ambaye huchapa gazeti letu dogo la Ijumaa nyuma ya duka lake la madaftari. Katika sura hii Kapteni Gathogo wa Jeshi la Nyota anakiacha chombo cha pili cha angani kikiungua karibu na sayari ya barafu. Hageuki nyuma. Askari wake wanalia. Yeye anatazama mbele, mikono mgongoni.

Bwana Shah aliisoma akiwa amesimama. "Hii mzuri sana, Mwalimu. Hii kapteni ya chuma."

Wavulana wa kidato cha pili wameanza kutembea hivyo, mikono mgongoni, bila kucheka. Nilijivunia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumamosi, 8 Julai

Naro Moru, kwa mama. Hajatoka kitandani. Daktari amenieleza kwamba moyo wake umechoka na kwamba hakuna dawa ya uchovu wa namna hiyo. Mke wangu, Wanjiru, amehamia hapa kumtunza.

Mama hasomi Kiswahili. Kila Jumamosi namsimulia sura ya wiki kwa Kikuyu. Leo alisikiliza habari za chombo kilichoachwa kikiungua, akauliza, "Na hao waliobaki mle ndani, hakuwauliza hata kama wamekula?"

Nikamwambia chombo kilikuwa kinaungua.

"Gathogo angewauliza," akasema. "Huyo wako ni nani?"

Wanjiru alicheka hadi akatoka nje. Mimi sikucheka.

Jumapili, 9 Julai

Sikusikiliza mahubiri hata kidogo. Nilikuwa nikifikiri juu ya swali la mama.

Gathogo alikuwa ndugu yangu mkubwa. Hakuwa kapteni. Alikuwa mpishi wa jeshi, na alikufa kaskazini lori lilipopinduka barabarani, bila adui yeyote. Walimzika huko huko. Tuliletewa sanduku lake la nguo.

Kwa desturi yetu jina lake lilipaswa kurudi kupitia watoto wangu. Mwana wa kwanza, jina la baba yangu. Wa pili, la baba ya Wanjiru. Wa tatu, Gathogo. Nina mwana mmoja, Kamau, na mabinti wanne. Hakutakuwa na wengine. Wanjiru alifanyiwa upasuaji mwaka juzi, na mama alikuwa pale daktari alipotueleza. Mwezi uliofuata nikaanza hadithi ya kapteni na kumpa jina lile. Nilidhani namtendea mama wema.

Jumatano, 12 Julai

Nimezisoma upya sura zote. Mtu asiyecheka. Asiyelala. Asiyemwomba mtu ushauri. Anayesema kwa sentensi zilizonyooka, kana kwamba kila mara yuko mbele ya umati. Namfahamu mtu huyo. Kila asubuhi husimama mbele ya bendera ya shule na kuwahutubia wavulana.

Nimechukua jina la ndugu yangu nikajivika mwenyewe.

Alhamisi, 13 Julai

Nimeandika kwa saa nyingi kuliko kawaida. Kapteni anashuka jikoni mwa chombo. Anaonja maharagwe kwa kifuniko cha sufuria. Anaimba vibaya. Anamkuta askari wa zamu na kumuuliza amekula nini, na kabla hajajibiwa anamuuliza tena. Anaogopa giza lililo kati ya nyota na anakiri hivyo mbele ya kikosi. Nikacheka peke yangu mezani. Ndivyo Gathogo alivyokuwa. Aliogopa hata bata bukini wa misheni.

Nimempelekea Bwana Shah. Atachapa wiki ijayo.

Jumamosi, 22 Julai

Mama aliketi. Aliketi mwenyewe, mgongo ukutani, nami nikimsimulia habari za kifuniko cha sufuria.

"Sasa umemleta," akasema. Akaomba uji. Akaumaliza. Akaniambia nimwongeze kapteni woga wa bukini.

"Mama, huko juu hakuna bukini."

"Wewe ndiye uliyemweka huko. Weka na bukini."

Sikumbuki lini mara ya mwisho nilitoka nyumba ile nikiwa na furaha.

Jumamosi, 29 Julai

Nilimwekea bukini. Mama alicheka hadi akakohoa, na Wanjiru akanifukuza chumbani. Lakini miguu yake imevimba. Alipolala niliigusa kwa kidole na alama ya kidole ikabaki.

Jumanne, 1 Agosti

Bwana Shah ameniita. Magazeti yamerudi kutoka Karatina na Kerugoya yakiwa bado yamefungwa kamba. Wasomaji wa Wang'uru wameandika kuuliza kapteni wa kweli yuko wapi. Hata wavulana wangu wameniuliza, kwa heshima, kama kapteni ameugua.

"Mwalimu, mimi napenda hii mtu ya jikoni," alisema. "Mama yangu pia iko hivi, nauliza chakula kwanza. Lakini watu nataka chuma. Maliza yeye. Kufa vizuri, halafu sisi anza hadithi ingine."

Nilijenga hoja. Nilisema kwamba ujasiri wa mtu asiyeogopa kitu si ujasiri. Nilisema vizuri, nimezoea kusema vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akarudia maneno yale yale. Sura moja tu. Nisipoiandika, ataiandika yeye.

Sikumwambia habari za mama. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 4 Agosti

Likizo imeanza. Shule tupu. Nimejaribu kumrudisha kapteni nyumbani. Chombo kinatua, mama yake anangoja mlangoni. Nimeichana. Ni uongo, na hata mwandiko wangu ulionekana wa uongo. Mtu anayeuliza kila askari amekula nini hawezi kutoka ndani ya chombo kinachoangamia kabla yao. Tangu nimfanye mwema, nimemfungia mlango. Yule wa chuma angenusurika.

Basi nimemuua. Anabaki kwenye usukani hadi wote watoke. Lakini askari mmoja anarudi, anaketi sakafuni kando yake, anamshika mkono. Wanazungumza habari za chakula. Kisha giza. Nafikiri ndiyo kurasa bora zaidi nilizowahi kuandika.

Sihisi chochote.

Ijumaa, 11 Agosti

Gazeti limetoka. Kurasa mbili za mwisho hazimo.

Tangazo la dawa ya kuogeshea ng'ombe lilifika mwishoni na nafasi ikawa haba. Kapteni anawatoa watu wake, anarudi kwenye usukani, na mstari wa mwisho unasema kwamba alikufa. Mpangaji wa herufi aliikata sura alipopata nukta, akaongeza mstari huo. Bwana Shah alinishika mkono kwa mikono miwili na kuomba radhi. Nilimwona ana huzuni kweli. Nikamwambia haidhuru.

Inadhuru.

Jumamosi, 12 Agosti

Mvua nyembamba Naro Moru. Mama hakuweza kuketi. Sauti yake imekuwa ndogo, na lazima niiname ili nimsikie.

Njiani nilikuwa nimeamua kumsimulia kama nilivyoandika, si kama ilivyochapwa. Hadithi ni yangu, nani angenikataza? Nikaanza vizuri. Watu wakatoka chomboni. Kapteni akarudi kwenye usukani. Nikavuta pumzi ili nimlete yule askari.

Mama akaweka kiganja chake juu ya gazeti nililokuwa nimelishika.

"Alipokufa alikuwa na nani?"

Nikamtazama usoni, nikaona kwamba hakuwa akiuliza habari za kapteni hata kidogo. Alikuwa akiuliza habari za lori. Wakati huu wote hakuna aliyetuambia kama Gathogo alikufa palepale au baadaye, kama alikuwa peke yake barabarani, kama kuna mtu aliyempa maji. Mama hakuwahi kuuliza. Nami sikuwahi kwenda huko kuuliza.

Nilikuwa na jibu tayari, kurasa mbili zilizoandikwa kwa ustadi. Sikuweza kulitoa.

"Sijui, mama."

Wanjiru alikuwa amesimama mlangoni na sinia, akaogopa kuingia.

"Hata mimi sijui," mama akasema. Kisha akamwambia Wanjiru, "Leta chai, mama, umesimama kama polisi." Hakuinywa.

Jumapili, 13 Agosti

Sikurudi Nyeri. Sikwenda kanisani. Nilipasua kuni. Mama alilala mchana wote. Nilipoingia kumtazama alinitambua, lakini hakutaja hadithi. Najua hataitaja tena. Sina la kumwambia Jumamosi ijayo, na huenda hakutakuwa na Jumamosi ijayo.

Jumatatu, 14 Agosti

Asubuhi mama alimwomba Wanjiru wembe.

Wanawake wa rika lake hunyoa nywele wakifiwa. Mwaka ule sanduku lilipoletwa hakunyoa. Shangazi zangu walimsema. Akawajibu kwamba bado anangoja. Sote tulidhani anangoja mwili. Leo nimefahamu kwamba alikuwa akilingoja jina lirudi, na sasa hangoji tena.

Tulimwinua pamoja. Mimi nilimshika mabega, Wanjiru akalowesha nywele kwa maji ya moto na kunyoa polepole, kuanzia kwenye paji. Nywele zilikuwa nyeupe na laini kama za mtoto mchanga. Zilimwangukia mapajani naye akazikusanya kwa vidole, zote, akampa Wanjiru akazizike nyuma ya nyumba.

Akasema baridi inamwingia kichwani. Nilimfunga kitambaa cha pamba, nikamlaza, nikafunga dirisha.

Kichwa chake ni kidogo sana. Sikuwa nimejua.