Sala Yako ya Jikoni Niliyoipeleka Jukwaani

Mama yangu,

Shikamoo. Zamani ningengoja uitikie marahaba kwanza ndipo niseme lililonileta. Leo naenda moja kwa moja, maana nikingoja nitapata kisingizio cha kuahirisha, kama nilivyoahirisha miaka yote uliyokuwa nami. Ni habari ya ule mchezo wa siku ya wazazi, nilipokuwa kidato cha tatu.

Unamkumbuka Mwalimu Lyimo, aliyetufundisha Kiswahili na kusimamia klabu ya maigizo. Alituambia kwamba mhusika asiyetaka kitu hana kazi jukwaani, mtoeni. Tujue anataka nini, nani anamzuia, na atafanya nini leo hii ili akipate. Halafu akatupa kazi ya nyumbani. "Nendeni mkasikilize watu wanavyoongea," alisema. "Msitunge maneno. Andikeni yale yale waliyosema." Wenzangu walishuka sokoni Tengeru na madaftari yao. Mimi kwa uvivu nikabaki nyumbani, na maneno yenyewe nikayakuta huko huko.

Wewe ulizoea kusali kwa sauti huku unamenya ndizi. Hukusali kama mchungaji. Uliongea na Mungu kama mtu anayeongea na jirani wa ng'ambo ya ua, Kimeru kinaingia, Kiswahili kinatoka. Jioni ile nilikaa nyuma ya mlango wa jiko, daftari magotini, nikakusikia: "Bwana, huyu mume unamjua, sina haja ya kukueleza. Mrudishe mapema. Na kama mapema haiwezekani, basi arudi na viatu vyote viwili."

Ulisema kwa uchungu. Mimi nilicheka mpaka nikaziba mdomo kwa daftari. Baba aliwahi kurudi kutoka kilabuni na kiatu kimoja, na njia nzima ya kwetu ilimwona. Niliiandika sala yako neno kwa neno, nikaona nimeokota dhahabu.

Si hilo tu. Nilipokuambia tunahitaji nguo ya mhusika ambaye ni mama, ulinipa kitenge chako cha kanisani, kile cha maua ya njano, ukakipiga pasi mwenyewe. "Huyo mama wa kwenye mchezo naye apendeze," ulisema. Hukuuliza ni mama gani, na mimi nikakikunja haraka nikaondoka nacho.

Siku yenyewe hukuniona, kwa sababu kazi yangu ilikuwa nyuma ya pazia. Nilikuwa na meza ya vifaa, kila kimoja nimekichorea mahali pake kwa chaki, sufuria hapa, kisu pale, ili mwigizaji akipitisha mkono asibabaike. Na nilishika mswada, maana mimi ndiye niliyekuwa mkumbushaji, yule anayemnong'oneza mwigizaji maneno akisahau. Rafiki yangu Upendo ndiye aliyecheza nafasi ya mama. Alikuiga barabara, alikuwa amekula kwetu mara nyingi.

Aliposema "Bwana, huyu mume unamjua," bwalo lote likalipuka kwa kicheko. Nilichungulia penye upenyo wa pazia nikakuona mstari wa tatu. Mwanzoni ulicheka na wenzako. Kisha macho yako yakashuka kwenye kitenge, na ukaacha kucheka. Mama Elia, mliyeimba naye kwaya, alikuwa bado anacheka huku amekushika bega.

Upendo naye alikuona. Akakwama, akageuza uso kidogo upande wangu. Mkumbushaji akiona hivyo hutoa maneno yanayofuata, na yaliyofuata yalikuwa yale ya viatu. Ningeweza kumrukisha. Ningemnong'oneza "Amina" akatoka, na hakuna mtu angejua, mswada ulikuwa wangu. Nilikuona, Mama. Nilikuona vizuri kabisa, na nikanong'ona: "Arudi na viatu vyote viwili." Kicheko kilikuwa kitamu na nilitaka kingine.

Mwalimu Lyimo aliniita mbele nipigiwe makofi kwa uandishi. Nilisingizia kupanga vifaa, nikajificha pale nyuma mpaka nikahakikisha umeondoka. Niliona haya kuonekana nawe, na wewe ndiye uliyeaibishwa.

Nilikukuta nyumbani umeshawasha moto. Ulisema tu, "Umeandika vizuri. Sikujua kama nasikika." Ukakipokea kitenge, ukakiloweka. Afadhali ungenichapa. Tangu siku hiyo ulisali kimoyomoyo. Ulimenya ndizi midomo ikicheza bila sauti, na mimi nikiingia jikoni hata midomo ilitulia. Majirani walisema umekuwa mpole. Nilijua ni kazi yangu, na sikuomba radhi. Kwanza ilikuwa aibu, baadaye mazoea, halafu ukaugua, nikaona nitakuwa naomba radhi ili nipate usingizi mimi.

Sasa ninafundisha huku Ngaramtoni, na klabu ya maigizo iko mikononi mwangu. Juzi msichana wa kidato cha pili aliniletea mchezo wake. Ndani yake yumo bibi mmoja mwenye maneno matamu mno, nikajua hayakutungwa.

"Bibi yako anajua?" nikamuuliza.

"Hajui, Mwalimu. Na hatakuja kutazama, miguu inamsumbua."

Hapo ndipo nilipopaswa kumsimulia habari zako. Badala yake nilimwambia arekebishe nukta, akaenda zake anafurahi. Nilirudi nyumbani najiona mnafiki. Ndiyo maana nimeandika barua hii, na kesho nitaisoma mbele yao wote, yeye akiwemo.

Najua wataniuliza kama uliwahi kusali tena kwa sauti. Nitawajibu ndiyo, mara moja. Ilikuwa wiki yako ya mwisho, mchana, nakulisha uji. Ulisukuma kijiko taratibu, ukafumba macho, ukaanza kuongea na Mungu kama zamani, Kimeru na Kiswahili, na mimi nimekaa pale pale nasikia. Ulinitaja kwa jina. Basi watataka kujua ulimwambia nini juu yangu, na ninalikumbuka kila neno.

Hayo sitayaandika.

Nisamehe, Mama. Pumzika.

Ni mimi, binti yako