Maji Yako ya Kuoga na Chupa Iliyopaa

Baba yangu, shikamoo.

Jana hapa Korogwe wanafunzi wangu walirusha roketi ya chupa, na mmoja akaniuliza swali lako. Nilimjibu taratibu mpaka akaelewa. Kisha nikaingia ofisini, nikalia.

Unakumbuka Kwaluguru, mwaka ule lambo lilipokaribia kukauka? Nilikuwa kidato cha pili. Tulikuwa na chupa ya soda, kizibo cha mpira na pampu ya baiskeli yako. Kitabu kilisema nitie maji kidogo, lakini mama hakutaka hata kusikia: maji ameyafuata tangu alfajiri, halafu mimi niyarushe angani? Basi nikajaza hewa tupu. Chupa ikapiga mluzi, ikafika kimo cha banda la kuku, ikaanguka. Wewe ndiyo kwanza ulikuwa unatoka shamba, vumbi mpaka kwenye kope. Ukachukua maji yako ya kuoga, ukanimiminia kwenye chupa, na mama akakusema mpaka akachoka. Chupa ikapita paa la jirani. Ulicheka wewe! Siku ile ulijifuta kwa kitambaa tu.

Ndipo ukauliza, "Inayosukuma si hewa? Sasa maji ya nini?"

Sikujua. Nilipokuja kujua nilikuwa chuoni, nimeshaanza kujiona. Kila likizo uliniuliza, kila likizo nikasema ni habari ndefu. Mara ya mwisho ulikuwa umelazwa Handeni.

"Hayo ya kisomi, baba. Hutayaelewa."

"Haya, mwalimu," ukasema, ukageukia ukutani.

Ungeelewa. Ukisimama juu ya mkokoteni ukarusha gunia la mahindi, mkokoteni unarudi nyuma. Ukirusha kofia, hausogei. Ndiyo hivyo tu. Hewa ni nyepesi, ikitoka peke yake haisukumi sana. Maji ni mazito. Hewa ikiyatupa chini, chupa inapaa. Ukiyajaza mno, hewa inakosa nafasi. Hata wenye roketi kubwa wanahangaika na hilo hilo: mafuta ya taa ni mazito, yanainua kwa nguvu kutoka ardhini, hidrojeni ni nyepesi, lakini mvuke wake hutoka kwa kasi zaidi. Wanachagua kulingana na safari.

Umeona, baba? Hata dakika mbili hazikuisha. Na siku ile nilikaa kando ya kitanda chako mchana kutwa, nachezea simu.

Nisamehe. Nakuombea kila swala.

Binti yako wa kwanza